Injinia Aliyekubali Kushuka

Naanza na ugomvi, maana bila ugomvi huo nisingeandika makala haya. Mimi na mwenzangu wa chumba, sote tukisomea uhandisi mitambo katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, tulikesha tukizozana juu ya mama mmoja Mmarekani aliyefariki tarehe 11 Februari, 2005. Mwenzangu alishikilia kwamba mama yule alifanya kosa kubwa maishani. Mimi nikamtetea. Hadi leo sina hakika kama nilimtetea kwa haki au kwa vile nilikuwa nimekwisha mpenda.

Mama mwenyewe ni Mary Jackson. Alizaliwa Hampton, jimbo la Virginia, mwaka 1921, enzi ambapo mtu mweusi wa kusini mwa Marekani alitengewa shule yake, kiti chake ndani ya basi, na hata choo chake. Mwaka 1942 alihitimu Hampton Institute, chuo cha watu weusi, katika hisabati na sayansi. Akafundisha mwaka mmoja huko Maryland, akarudi kwao, akawa mpokea wageni, kisha mtunza hesabu, kisha karani wa jeshi. Usishangae, msomaji. Shahada unayo, mlango huna.

Mwaka 1951 akaajiriwa Langley, kituo cha utafiti wa ndege cha shirika la NACA, ambalo mwaka 1958 liligeuka NASA. Aliwekwa katika chumba cha wanawake weusi wakokotoaji, chini ya Bibi Dorothy Vaughan. Wanawake hao waliitwa "kompyuta" kabla mashine haijawanyang'anya jina. Siku moja akatumwa kufanya kazi upande wa mashariki wa kituo, akawauliza wanawake Wazungu choo kiko wapi. Wakacheka. Wao watajuaje choo cha weusi? Akatoka pale anatokota. Njiani akakutana na mhandisi mmoja, Kazimierz Czarnecki, akammwagia yote ya moyoni. Yule bwana hakumpa pole wala nini; alimwambia njoo ufanye kazi kwangu.

Kwake ndiko kulikokuwa na njia ya upepo ya nguvu za farasi 60,000. Ni kama bomba kubwa: unasimamisha humo mfano wa ndege, kisha unausukumia upepo unaokaribia mara mbili ya kasi ya sauti, uone unavyouteleza mwili wa ndege na unavyovurugika. Si mchezo hata kidogo. Czarnecki akamhimiza asomee uhandisi. Tatizo likawa kwamba masomo ya jioni yalitolewa ndani ya Hampton High School, shule ya Wazungu. Filamu ya Hidden Figures ya mwaka 2016 inamsimamisha mbele ya hakimu anayetabasamu. Kwa kweli aliomba kibali kwa utawala wa mji, akapewa. Ila mimi kilichonichoma ni jambo jingine, nililolisoma katika kitabu cha Margot Lee Shetterly. Alipoingia katika shule ile iliyokuwa ikilindwa miaka yote hiyo mtu mweusi asikanyage, alikuta jengo kuukuu, limechakaa. Kumbe ndicho walichokuwa wakikinyima!

Mwaka 1958 akawa mhandisi wa kwanza mwanamke mweusi wa NASA. Wengi hadithi wanaikatia hapo.

Lakini huyu mama, akitoka kazini, alikuwa hajatoka. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa kiongozi wa skauti wa kike. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akiwaimbisha wasichana wake wimbo wa zamani wa kuchuma pamba, wimbo ambao hata yeye aliuimba utotoni, na katikati ya wimbo akawakatisha. Hatutauimba tena, basi. Watoto weusi wanaruka na kupiga makofi kwa furaha ya kuchuma pamba? Mwanawe wa kiume alimsaidia kuunda kigari cha mbao cha kuteremkia mlimani, na mwaka 1960 kijana akashinda mashindano ya eneo lao, mtoto mweusi wa kwanza kushinda pale. Na katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha vijana cha King Street, aliwasaidia watoto wa klabu ya sayansi kujitengenezea njia yao ya upepo.

Sasa ndipo penye ugomvi wetu. Mwaka 1979 Bibi Mary aliona kwamba wanawake wa Langley, weusi kwa weupe, wanapanda hadi ngazi fulani halafu basi. Naye alikuwa amekwama papo hapo. Akaacha uhandisi, akakubali kushushwa cheo, akachukua nafasi ya kusimamia mpango wa ajira za wanawake. Akawa anachungulia ni nini kinachowazuia wenzake. Mara nyingine aligundua ni kitu kidogo tu: somo moja au mawili hukusoma, au umepangiwa kazi ambazo hakuna anayeziona. Alifanya hivyo hadi alipostaafu mwaka 1985.

"Amejiua," mwenzangu alisema. "Siku zote ni sisi. Czarnecki alimsaidia mtu na akabaki injinia. Yeye kusaidia watu, lazima ashuke!" Nikamjibu kwamba NASA ilitangaza mwaka 2020 kulipa jina lake jengo la makao yake makuu, Washington. Akacheka. "Jengo si mshahara, dada. Tena amekwisha kufa."

Sikuwa na jibu, na jibu lake bado linanikera kwa sababu ni la kweli. Nilichoweza kusema ni kwamba hakuna aliyemtuma. Alikuwa na miaka 58, alijua hesabu kuliko sisi, akapiga hesabu yake mwenyewe. Kwangu aibu haiko kwake, iko kwa kituo kilichomlazimisha achague.

Jumamosi zangu nazitumia na wasichana wa sekondari ya jirani, wanane au tisa hivi. Mwezi uliopita tulitoboa boksi la televisheni pande mbili, tukaweka feni ya mezani upande mmoja na bawa la karatasi katikati. Upepo hauonekani, kwa hiyo tukawasha vijiti vya udi. Moshi ulipopita juu ya bawa ulinyooka vizuri. Tulipoliinua kidogo zaidi, ukavurugika nyuma yake, na wasichana wakapiga kelele hadi mlinzi akaja kuuliza nini kinaungua.

Mwenzangu alikuwepo. Alisema amekuja kurudisha feni yake tu, halafu akakaa saa mbili akibishana nao juu ya pembe ya bawa.