Pumu ya ngozi: Soma hapa kabla hujapaka krimu

Baada ya kipindi chetu cha afya, mama mmoja alitupigia simu. Mtoto wake wa miaka miwili ana vipele kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, anajikuna usiku kucha, na nyumba nzima hailali. Alishamaliza tyubu nne za krimu aliyouziwa duka la dawa. Akipaka, vipele vinatoweka ndani ya siku tatu. Akiacha, vinarudi. Tulimwomba atusomee maandishi ya kwenye tyubu, naye akasoma majina matatu: betamethasone, clotrimazole na gentamicin.

Simu kama hiyo si ya kwanza, ndiyo maana tumeandika maelezo haya ili uwe nayo kwenye simu yako. Majina ya dawa tumeyaacha yalivyo kwenye tyubu ili uweze kuyalinganisha.

Anachoumwa mtoto huyo kinafanana sana na pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu. Haiambukizi. Haitokani na uchafu wala kurogwa. Ni ngozi iliyozaliwa na ukuta dhaifu: maji yanatoka kwa urahisi, vitu vya kuchokoza vinaingia kwa urahisi, mwili unapambana navyo na ngozi inavimba na kuwasha. Mara nyingi katika familia hiyo hiyo kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni, kisha akikua huhamia kwenye mikunjo. Vitabu vingi husema ngozi inakuwa nyekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona weusi uliokolea, rangi ya kijivu au vipele vidogovidogo kama vya baridi, na ukipapasa unahisi ukavu.

Tiba ya kwanza ni mafuta, tena ya bei ndogo. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kabisa. Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa dakika tano hadi kumi. Sabuni iwe laini na kidogo, upake sehemu zenye uchafu tu. Sabuni ya kufulia isiguse ngozi hiyo. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga bila kusugua, kisha mpake mafuta palepale ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Rudia angalau mara mbili kwa siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaacha mafuta vipele vikiisha. Mkate kucha, mvalishe pamba, nguo nzito za sufu zisiguse mwili. Miezi ya kipupwe, hewa inapokauka, ongeza mafuta.

Mafuta yasipotosha, ndipo zinakuja krimu za steroidi. Hizi si adui. Zinatuliza uvimbe kuliko kitu kingine chochote cha duka la dawa la kawaida, ila zinatofautiana nguvu kama konyagi na togwa. Hydrocortisone ya asilimia 1 ni nyepesi, na ndiyo ya kuanzia kwa mtoto na kwa uso. Betamethasone ya asilimia 0.1 ni kali, ni ya mwili wa mtu mzima au sehemu zenye ngozi nene, kwa muda mfupi. Clobetasol ni kali kupita zote. Haipakwi usoni, kwapani wala kwenye nepi bila daktari kusema. Na hiyo ndiyo inayowekwa kwenye mikorogo mingi ya kung'arisha ngozi.

Kipimo ni rahisi. Kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Paka mara moja au mbili kwa siku, penye vipele tu, mpaka ngozi ilainike. Kwa kawaida ni wiki moja au mbili. Usoni ni siku chache tu. Kisha simamisha krimu, endelea na mafuta. Alama nyeupe au nyeusi zinazobaki si ugonjwa, zitafifia zenyewe kwa miezi. Usizifukuze kwa krimu. Ukipaka kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, na uso unaota chunusi. Aliyekwisha kutumia kali kwa muda mrefu asiache ghafla, aende kituo cha afya aongozwe.

Sasa turudi kwenye ile tyubu ya dawa tatu. Inapendwa kwa sababu muuzaji hahitaji kujua ugonjwa, anabahatisha yote kwa mpigo. Lakini kama ni fangasi, yaani duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pamepona, steroidi iliyomo inaficha dalili huku fangasi wakitambaa. Kama ni upele, ule unaowasha zaidi usiku katikati ya vidole na viganjani, na wengine nyumbani nao wanajikuna, dawa yake ni BBE, tena mnapaka wote siku moja na kufua matandiko. Na baka lisilowasha, ambalo ukiligusa huhisi kitu, usilipake chochote. Linaweza kuwa ukoma, na matibabu yake hospitalini ni bure.

Kwa watu wazima, tazama pia kazi unayofanya. Mikono ya fundi saruji, ya mama anayefua kwa sabuni ya unga, kiuno panapogusa bango la mkanda, kichwa kilichopakwa piko: hapo krimu haitasaidia kama kinachochokoza kinaendelea kugusa ngozi.

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na homa, vidonda vyenye usaha au magamba ya rangi ya asali, au vidonda vidogo vingi vya duara vinavyouma na kusambaa haraka. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na wahitimu wake wanafanya kazi katika mikoa mbalimbali, hivyo uliza hospitali ya mkoa wako kama yupo mtaalamu wa ngozi. Unapokwenda, beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha.