Kidole Juu ya Kioo

Sensa ya Tanzania ya Agosti 23, 2022 ilifanywa kwa vishikwambi. Makarani walipita navyo mitaa ya Mwanza, wakavuka navyo hadi Ukerewe, wakijaza majibu kwa kugusa kioo badala ya kuandika kwenye karatasi. Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa kuwa na watu 3,699,872. Baadaye vishikwambi hivyo viligawiwa walimu.

Kioo cha kishikwambi hubeba umeme kidogo sana. Ngozi ikikigusa, umeme hubadilika pale pale, na kifaa kikatambua mahali palipoguswa. Mwingereza E.A. Johnson aliieleza mbinu hiyo mwaka 1965. Lakini maji nayo hupitisha umeme: kidole kilichotoka kuosha sangara hukichanganya kioo kabisa!

Tafadhali kausha mkono kabla ya kugusa.