Orodha Wazi na Orodha Funge: Kutoa Mifano kwa Kijapani

Mtu akirudi kutoka dukani Tokyo na kusema "ringo to mikan o katta", amenunua matufaha na machenza, basi. Akisema "ringo ya mikan o katta", matunda hayo ni mifano tu. Mfukoni huenda mna mapeasi au ndizi pia. Tofauti yote imo katika silabi moja.

Wanasarufi wa Japani huyaweka maneno haya mawili, "to" na "ya", katika kundi la heiritsu joshi. Joshi ni neno dogo lisilonyambulika, linaloandama neno jingine na kuonyesha uhusiano wake katika sentensi. Heiritsu ni kusimama sambamba. "Kiunganishi sambamba" ni tafsiri inayofaa, maana kiunganishi kinafahamika kwa kila aliyesoma sarufi ya Kiswahili. Ila "na" yetu hutangulia kitu cha pili, ilhali "to" na "ya" hushikamana na kitu cha kwanza kwa nyuma.

Tena "na" haisemi kama orodha imekwisha. Mswahili anayetaka kuiacha wazi hutanguliza "kama vile", au humalizia kwa "na kadhalika". Kijapani nacho kina "nado" la kumalizia, ambalo mara nyingi huandamana na "ya". Lakini "ya" huwa limeshatoa taarifa mapema, kabla kitu cha pili hakijatajwa. Ndiyo maana kulitafsiri kwa "na" pekee ni kumnyima msomaji nusu ya habari. Isimu ya Kiswahili inazo tayari silabi wazi na silabi funge; kwa mtindo huohuo, "to" na liitwe kiunganishi cha orodha funge, na "ya" cha orodha wazi.

Katika mazungumzo, "toka" hushika nafasi ya "ya". Vijana hulitumia hata pasipo orodha: "ocha toka nomanai?" ni mwaliko wa kunywa chai, uliolainishwa ili mwalikwa asijione amebanwa. Wapo wazee wasioupenda mtindo huu. Vitenzi navyo vina umbo lake la orodha wazi: "hon o yondari, eiga o mitari suru", yaani kusoma vitabu, kutazama filamu na mengine ya aina hiyo.

Mfano mzima hufunguliwa kwa "tatoeba", umbo la kale la sharti la kitenzi ambacho leo ni tatoeru, kufananisha. "Kwa mfano" au "mathalani" inatosha. Lakini "tatoeba no hanashi" huleta jambo la kudhania tu, na Kiswahili chake ni "tuseme".

Maandishi rasmi hupenda "rei o agereba", yaani "tukitoa mfano". Hupenda pia "o hajime" (neno kwa neno, "kuanzia"), linalotaja kwanza mfano ulio mkuu. Mfasiri akiandika "miji kuanzia Tokyo", msomaji atadhani safari inaanzia huko. "Tokyo na miji mingine" ndiyo tafsiri iliyo salama.