Mpira wa Ujana na Goti la Uzee

Jioni, upepo wa ziwa unapotulia, vijana wa Kalemie huteremka ufukoni na mpira wao, wengi miguu mitupu. Kando huketi wazee wakitazama, na mara nyingi tumemsikia mmoja wao akijisifu: «Sisi tulicheza tangu utoto, ndiyo maana tuna nguvu hata leo.» Lakini akitaka kuinuka, hujishika goti kwanza. Basi, ndugu wasomaji, tusadiki mdomo au goti?

Tuanze mbali kidogo. Zamani za Wabelgiji mji wetu uliitwa Albertville. Reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, na watu wa pande nyingi wakaja kufanya kazi relini na bandarini. Miaka ile mpira wa miguu ulikuwa ukienea katika Kongo, na shule za misioni ziliusaidia sana. Kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Padri Raphaël de la Kethulle, aliyeitwa Tata Raphaël, aliwajengea vijana viwanja vya michezo. Katika Lubumbashi wamonaki Wabenedikto walianzisha mwaka 1939 timu ambayo siku hizi tunaiita TP Mazembe. Walimu hao walisadiki ya kuwa mchezo hujenga mwili. Hawakukosea, ila hawakuwa na njia ya kujua nguvu ile hudumu miaka mingapi.

Njia ilifunguliwa na daktari wa Uingereza, Jerry Morris. Mwaka 1953 alionyesha kwamba madereva wa basi za ghorofa mbili za London, walioketi kutwa, waliugua moyo kupita wakata tiketi waliopanda na kushuka ngazi. Kisha mwaka 1978 Ralph Paffenbarger wa Marekani akatoa habari za wanaume 16,936 waliosoma zamani katika chuo kikuu cha Harvard. Hapo ndipo mzee wetu angekunja uso. Aliyekuwa mchezaji hodari chuoni, kisha akawa mtu wa kuketi, hakuwa na kinga ya moyo kumpita mwenzake asiyecheza kamwe. Na yule ambaye hakucheza ujanani, lakini akawa mtu wa kutembea na kujitaabisha katika utu uzima, alipata faida. Moyo hauna ghala. Mvuvi anayevuta wavu kila usiku, au mama anayetwanga na kuteka maji, amemshinda karani aliyefunga mabao zamani.

Mifupa ina tabia nyingine. Wataalamu wa Marekani walipima mikono ya warushaji wa besiboli, wakaeleza mwaka 2014 kwamba mfupa wa mkono wa kurushia, ulionenepa ujanani, hubaki mnene hata uzeeni. Karibu nusu ya unene ule ulikuwepo bado, ingawa mchezo uliachwa miaka mingi nyuma. Kwa hiyo tunawashangaa wanaowafukuza wasichana uwanjani, kwa maana ni wanawake hasa ambao mifupa yao hudhoofika wanapozeeka.

Goti nalo halisahau, lakini kwa ubaya. Kano ya ndani ikikatika, au gegedu likipasuka, karibu nusu ya watu hao hupata ugonjwa wa viungo baada ya miaka kumi hadi ishirini. Yaani kijana wa miaka 18 anaweza kuwa na goti la mzee kabla ya kufika 40. Tumeona kwa macho yetu kijana aliyevimba goti akifungwa kitambaa na kurudishwa mchezoni Jumapili ile ile, kwa kuwa timu ilikosa mshambuliaji. Hakuna aliyemwuliza atafanya kazi gani baadaye akiwa kilema.

Si kila maumivu hutoka mpirani, tukubali. Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao tisa katika Kombe la Afrika la mwaka 1974, alikufa Afrika Kusini mwaka 2019, naye alikuwa ameteswa na moyo, figo na magoti. Lakini mwaka 1994 wanyang'anyi walimpiga risasi mguuni, na nani atapima lipi ni la risasi na lipi ni la mchezo?

Mwaka ule ule wa 2019 ikatoka Glasgow habari ya kutisha zaidi. Walichunguza wachezaji 7,676 wa zamani wa Scotland. Hao walikufa kwa magonjwa ya moyo kwa uchache kuliko watu wengine. Lakini vifo vya magonjwa ya kuharibika ubongo vilikuwa mara tatu na nusu. Kupiga mpira kwa kichwa kulishukiwa mara moja. Mwaka 2020 Scotland ikakataza watoto walio chini ya miaka 12 kufundishwa kupiga kwa kichwa.

Hapa ufukoni mpira ukianguka ziwani hurudi umelowa na mzito, na watoto huurukia kwa kichwa vile vile, huku wazee wakipiga makofi.