Waliofichwa: Watoro wa Mahakama ya Arusha na Watu Waliowahifadhi

Alfajiri ya tarehe 16 Mei 2020, askari wa Ufaransa waliingia katika nyumba moja ya ghorofani huko Asnières-sur-Seine, pembezoni mwa Paris. Humo walimkuta mzee dhaifu mwenye pasipoti ya Kongo iliyoandikwa jina la Antoine Tounga. Jina lake halisi lilikuwa Félicien Kabuga. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimfungulia mashtaka mwaka 1997 kwa sehemu aliyodaiwa kuwa nayo katika mauaji ya kimbari ya 1994, na hadi siku hiyo ilikuwa takriban miaka 26 tangu aondoke Rwanda.

Mtu akiponyoka kwa zaidi ya robo karne, sisi wasimulizi humkweza akawa gwiji wa hila. Huko ni kumpa sifa isiyo yake. Katika makala haya nadai kwamba watoro wa aina hii hawakujificha bali walifichwa. Kutoonekana kwao kulikuwa kazi ya kila siku, na waliofanya kazi hiyo walikuwa ndugu, marafiki wa vita na maofisa wenye mihuri. Tukilikubali hilo, hatuna budi kuuliza upya nani anapaswa kuulizwa, na kwa kosa gani.

Jibu linalotolewa haraka kuhusu Kabuga ni pesa, na ni kweli alikuwa nazo. Alitajirika kwa biashara ya chai, binti yake aliolewa na mtoto wa Rais Habyarimana wa Rwanda, na yeye mwenyewe alikuwa kiongozi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji. Alipofika Kenya aliishi kama mtu mwenye wenyewe. Julai 1997 msako ulifanyika Nairobi na Wanyarwanda saba wakakamatwa, yeye akakosekana. Mwaka 2002 Marekani ilitangaza dau la dola milioni 5, picha yake ikaenea magazetini. Januari 2003 kijana aliyetajwa kushiriki katika mpango wa kumtega alikutwa amekufa nyumbani kwake Karen, Nairobi. Serikali ya Kenya ilishikilia kwamba Kabuga hayumo nchini, ingawa mwaka 2008 mahakama ya Nairobi ilizuia mali iliyohusishwa naye, zikiwamo nyumba za Spanish Villas mtaani Kilimani.

Pesa basi zilimsaidia, ila hazitoshi kuwa maelezo, na Fulgence Kayishema ni ushahidi wa hilo. Huyu alikuwa inspekta wa polisi katika wilaya ya Kivumu. Anashtakiwa kwa mauaji ya Aprili 1994 katika kanisa la Nyange, ambako zaidi ya Watutsi 2,000 waliokimbilia humo waliuawa na jengo likaangushwa juu yao kwa tingatinga. Hakuwa na biashara wala mkwe ikulu. Alipita Kongo, kambi za wakimbizi za Tanzania, Msumbiji na Eswatini, akaishia Afrika Kusini, ambako aliomba hifadhi kama Mrundi kwa jina la bandia. Alifanya kazi ya ulinzi. Tarehe 24 Mei 2023 alikamatwa kwenye shamba la zabibu huko Paarl. Mwanzoni alikana kuwa ndiye. Kufika jioni alikiri, akasema amekuwa akingoja siku nyingi kukamatwa.

Tajiri na mlinzi wa zamu, wote wawili waliweza kutoweka kwa muda unaokaribiana. Kilichowaunganisha, na ndiyo nguzo ya kwanza ya maficho yao, ni watu: kila mmoja alizungukwa na watu waliojua jina alilopewa na wazazi wake, wakakubali kumwita kwa jina jingine mbele ya wageni. Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa chombo kilichorithi kazi za mahakama ya Arusha ilieleza kwamba Kayishema alitegemea mtandao wa jamaa na wanajeshi wa jeshi la zamani la Rwanda. Watu wa namna hiyo hulinda siri kwa sababu mbalimbali: wapo wanaopenda, wapo wanaoogopa, na wapo ambao wao wenyewe wana mambo ya 1994 wasiyotaka yafukuliwe.

Nguzo ya pili ni karatasi. Tumezoea kudhani kwamba mtoro ni mtu asiye na hati, lakini hawa walikuwa nazo tele. Mfumo wa hifadhi kwa wakimbizi hauna njia ila kuanza na kauli ya mwombaji, kwa sababu anayekimbia vita mara nyingi hafiki na cheti cha kuzaliwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa takriban saa 24. Karani gani wa kambi ya Benaco angeweza kuhakiki majina hayo? Aliandika alichoambiwa, na alifanya sawa, kwa kuwa wengi waliosimama mbele yake walikuwa na njaa na wagonjwa. Uongo wa wachache ulipanda mgongoni mwa ukweli wa wengi. Ninapoona leo hoja kwamba dawa ya uongo huo ni kufunga mipaka, nahuzunika, maana Mrundi aliyekimbia kweli ndiye aliyeibiwa kwanza: historia yake ilivaliwa na mshukiwa wa mauaji, kisha yeye ndiye anayetiliwa shaka dirishani.

Nguzo ya tatu ni dola. Protais Mpiranya, kamanda wa Kikosi cha Kumlinda Rais wa Rwanda, alipigana Kongo upande mmoja na jeshi la Zimbabwe katika vita vilivyoanza 1998. Mwaka 2002 alihamia Harare, na Ofisi ya Mwendesha Mashtaka imesema wazi kwamba maofisa wa Zimbabwe walimsaidia. Alikufa Oktoba 2006 akazikwa kwa jina la Ndume Sambao, na dunia ikaendelea kumsaka kana kwamba yu hai hadi Mei 2022. Kilichowaelekeza wapelelezi kaburini ni mchoro wa jiwe la kaburi, uliochorwa kwa mkono na kukutwa ndani ya kompyuta. Familia ilikuwa imetunza siri miaka yote hiyo, lakini ilitaka marehemu awe na jiwe lake.

Upendo uliomficha Mpiranya ndio uliomfichua, na kwa Kabuga mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mzee wa zaidi ya miaka 80 ana mahitaji asiyo nayo mtoro kijana. Lazima awepo wa kumpikia, wa kumpeleka hospitali, wa kumweleza daktari maumivu ya usiku, wa kulipa. Kila hitaji humwongeza mtu mmoja katika siri, na kila mtu huacha alama: nauli, simu, saini katika fomu. Masika ya 2020, Ulaya ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wapelelezi wa Ufaransa walipata muda wa kuchambua simu za watoto wa Kabuga waliokuwa wakiishi nchi mbalimbali. Waliona kwamba simu hizo, moja baada ya nyingine, zilikuwa zikinaswa na minara ya Asnières, kama watu wanaopokezana zamu. Malipo ya matibabu yaliyofanywa na binti mmoja yakawafikisha kwenye jina la Tounga. Baada ya kumkamata walilinganisha vinasaba vyake na sampuli iliyobaki Ujerumani tangu alipotibiwa huko mwaka 2007. Dau la dola milioni 5 halikuwa limewafikisha hapo. Waliojua alipo walikuwa watoto wake, na hao hawakuwa sokoni.

Je, waadhibiwe? Sheria nyingi husita hapa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ile ya Kenya, haimhesabu mke kuwa msaidizi baada ya kosa kwa kumpokea mumewe. Ufaransa inakwenda mbali zaidi, inawasamehe hata watoto na ndugu. Manusura ana haki ya kukasirika akisikia hivyo. Kesi ya Kabuga ilianza Septemba 2022, na Septemba 2023 ikasitishwa bila kikomo kwa sababu akili yake ilikuwa imedhoofika mno. Matunzo ya watoto wake yaliwanyima wengine hukumu waliyoingoja tangu 1994, na hasara hiyo hailipiki.

Pamoja na hayo, naona msamaha huo una msingi, mradi tuutenganishe na jambo ambalo mara nyingi huchanganywa nalo. Uji, dawa na kitanda ni jambo moja, na pasipoti ni jambo jingine. Binti anayemlisha baba yake anatimiza wajibu ambao hakuna serikali yenye busara itakayotaka kuung'oa, kwa maana dola inayomgeuza mtoto kuwa mpelelezi wa mzazi wake haiishii kwa wauaji. Anayetafuta hati ya uongo ametoka nje ya wajibu huo, awe ndugu au asiwe. Ofisa anayeigonga muhuri akijua hakuwahi kuwa ndani yake. Ulinzi wa Mpiranya ulitoka serikalini, na kwa maoni yangu hapo ndipo kosa lilipo zito kuliko kote.

Mei 2024 Ofisi ya Mwendesha Mashtaka ilitangaza kwamba watoro wawili wa mwisho katika orodha ya Arusha, Ryandikayo na Charles Sikubwabo, walikufa tangu 1998, mmoja Kinshasa, mwingine N'Djamena. Washtakiwa wote 93 wakawa wamejulikana waliko. Lakini Rwanda bado inawasaka zaidi ya watu 1,000 walio katika nchi nyingine, na hao sasa ni mzigo wa waendesha mashtaka wa nchi moja moja, wengi wao wakiwa na bajeti ndogo na mafaili ya zamani. Picha na madau vitawasaidia kidogo. Penye matumaini ni rejista za kambi za miaka ya 1990, maombi ya uraia yaliyofuata, kumbukumbu za hospitali na za makaburi, zikisomwa pamoja na orodha za familia. Katika kila ombi lililokubaliwa pana saini ya aliyelipitisha. Maofisa hao hawakuwa na sababu ya kutumia majina ya bandia, kwa hiyo wanaweza kuitwa na kuhojiwa.