Jina la kijiji na kisanduku cha kuchagua: historia fupi

Bakubwa na wadogo wangu wa auditoire, leo siandiki juu ya mahindi. Naandika juu ya kitu kidogo sana kwenye ekra ya ordinateri: kile kisanduku unachobonyeza ili uchague jina katika orodha. Kina historia yake, na historia hiyo inatugusa sisi wa Lualaba.

Tumchukue baba aliyezaliwa Mutshatsha mwaka 1968 na hajahama hata siku moja. Alizaliwa Katanga, akakua Shaba wakati wa Zaire, 1997 akajikuta tena Katanga, na 2015, nchi ilipotoka majimbo 11 kwenda 26, akawa mtu wa Lualaba. Na kijiji chake? Kwetu mara nyingi kijiji kinabeba jina la chef. Chef akibadilika, jina linaweza kubadilika. Wakoloni nao walikuwa wakihamisha vijiji na kuvipanga kando ya barabara. Na vita ya 1977 ilipofika Mutshatsha, watu wengi wa upande wetu walikimbilia Angola. Njo maana utapata vijiji viwili vyenye jina moja, na kijiji kimoja chenye majina mawili.

Ukiandika jimbo na kijiji kwa mkono kwenye kila fishi ya mlimaji, kila badiliko linakulazimisha kurudia fishi zote. Mwaka 1970, Edgar Codd, mtafiti wa IBM kule Marekani, alitoa makala iliyoonyesha njia ingine: panga data katika tabulo, kila kitu kiandikwe mara moja tu, halafu tabulo ziunganishwe kwa thamani zilizomo ndani. Siku hizi kwa kawaida thamani hiyo ni namba. Fishi ya mlimaji haibebi jina la kijiji, inabeba namba yake. Kijiji kinabeba namba ya groupement, na vile vile mpaka jimbo. Mwaka 2015, kwa base iliyopangwa hivyo, kazi ilikuwa ni kuongeza jimbo jipya na kuelekeza territoires tano kwake: Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Kapanga na Sandoa. Fishi za walimaji hazikuguswa.

Lakini kuna shida: mtu hakumbuki namba, anakumbuka jina. Kwa hiyo ekra lazima imuonyeshe majina, yenyewe ihifadhi namba. Hapo ndipo kisanduku chetu kinaingia.

Chukua mfano wa Django, chombo cha kujengea tovuti kwa lugha ya Python. Kilianza 2003 katika gazeti la mji mdogo wa Lawrence, Kansas, kwa mikono ya Adrian Holovaty na Simon Willison, na kikatolewa kwa watu wote Julai 2005. Jina lake ni la mpiga gita Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji. Sifa yake kubwa ni ukurasa wa usimamizi unaojitengeneza wenyewe, ili wafanyakazi wa gazeti waingize habari bila kumngoja fundi. Mpaka leo, kwa kawaida yake, kila panapo uhusiano kati ya tabulo mbili, ukurasa huo unaweka orodha yenye majina yote. Kwa gazeti lenye sehemu kumi za habari, hiyo inatosha kabisa.

Sasa peleka orodha hiyo kwetu. Tuseme una vijiji 3,000. Kila mstari wa orodha ukichukua herufi 50 hivi, ukurasa unabeba kilo 150 za data kabla hujaandika kitu. Na kama fomu ina mistari 20 ya walimaji, kila mstari unabeba orodha yake nzima: majina 60,000, karibu mega 3. Kwa mtu anayelipa mega zake mwenyewe, akitafuta réseau chini ya mwembe, hiyo si kazi, ni azabu.

Nimeyaona matokeo yake katika mradi mmoja wa mbegu. Maajenti walikuwa wanachoka kungoja, wanateremsha orodha kwa kidole, wanachagua jina la kwanza linalofanana. Vijiji viwili vilikuwa na jina moja. Mbegu za mahindi za kijiji kimoja zikashushwa kwa kingine. Ziliporudishwa, mvua ilikuwa imeshanyesha wiki kadhaa. Ninyi waagronomu mnajua kupanda mahindi kwa kuchelewa kunagharimu nini. Mlimaji hakuona kisanduku hata siku moja, lakini yeye ndiye aliyelipa.

Mafundi wa Django hawakukaa bure. Dawa moja ni raw_id_fields: orodha inatoka, inabaki nafasi ya namba na kialama cha kutafutia kinachofungua dirisha lingine. Ukurasa unakuwa mwepesi, lakini mtu anabaki na namba mbele yake. Watu wa nje wakatengeneza nyongeza zao. Mwishowe, Desemba 2017, Django 2.0 ikaleta autocomplete_fields ndani ya chombo chenyewe, kwa msaada wa maktaba ya Select2. Unaandika herufi chache, seva inatafuta, inakurudishia majina 20 kwa mara moja. Mwaka 2021, toleo la 3.2 likafanya utafutaji huo uheshimu mipaka uliyoweka, kwa mfano kuonyesha vijiji vya territoire moja tu.

Lakini chombo hakijui nchi yetu. Kinatafuta mahali ulipokiambia kitafute, na kinaonyesha maneno uliyokipa. Ukiweka jina la sasa peke yake, bibi anayetaja jina la chef wa zamani hatapatikana. Ukionyesha jina tupu, vijiji viwili vitafanana tena, safari hii haraka zaidi. Kwa hiyo search_fields ziwe na jina la sasa na majina ya zamani, na kila jibu lionyeshe kijiji, groupement na territoire pamoja. Sehemu hii haiwezi kuandikwa na fundi peke yake. Inamtaka mtu aliyekaa na machef na wazee, akauliza.

Mlango uko wazi. Novemba 2023, DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar, na 2025 ikaenda Arusha, miji ambayo Kiswahili ni lugha ya sokoni kama kwetu Kolwezi. Wewe wa informatique, tafuta rafiki wa agronomie. Wewe wa agronomie, siku watakapokuletea programu ya kuandikisha walimaji, kabla ya kusifu rangi zake, andika jina la kijiji kinachojirudia na utazame inakujibu nini.