Mwanga Kwanza, Programu Baadaye: Ukaguzi wa Bodi za Saketi Karibu na Ziwa Kivu

Wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu huvua usiku kwa taa, kwa kuwa samaki hao hufuata mwanga. Karabai ikiipisha taa ya LED ya betri, kazi ya fundi wa mwaloni kama Rubona nayo hubadilika. Karabai iliharibika mbele ya macho. Kasoro ya bodi ya saketi hujificha kwenye kiungo cha lehemu kisichofika milimita moja. Fundi hupiga picha kwa simu ili aikuze, na katika kibanda chenye mwanga hafifu picha hutoka nyeusi, imejaa chenga. Hapo hushauriwa atafute programu ya kung'arisha. Naupinga ushauri huo.

Pikseli iliyopokea fotoni 100 ina mtikisiko, yaani chenga, wa takriban 10. Ukizidisha mwangaza mara 4 kwa programu, mtikisiko nao huzidi mara 4. Picha imeng'aa, lakini habari ni ile ile. Bodi haikimbii: piga picha 16 simu ikiwa imetulia, chukua wastani wake, na chenga hupungua hadi robo.

Hoja nzito zaidi inahusu lehemu yenyewe. Nadharia ya Retinex, iliyoelezwa na Edwin Land na John McCann mwaka 1971, ndiyo mzizi wa mbinu nyingi za kurekebisha picha za giza: hutenganisha mwanga unaoangukia kitu na rangi ya kitu chenyewe, kisha hupunguza athari ya ule wa kwanza. Kwa karatasi au ukuta, ni sawa. Lehemu hung'aa kama kioo. Tunachokiona juu yake ni taa iliyoakisiwa, na mahali mng'ao ulipoangukia ndipo panapotueleza mteremko wa kiungo. Ukifuta tofauti za mwanga, umefuta ushahidi. Ndiyo maana mashine nyingi za ukaguzi wa bodi viwandani huwa na pete za taa nyekundu, kijani na buluu katika pembe tofauti: mteremko husomwa kwa rangi. Taa pale ni chombo cha kupimia.

Programu za akili mnemba zina hatari yake. Hufunzwa kwa jozi za picha, ya giza na ya mwanga, na mara nyingi hupimwa kwa jinsi matokeo yanavyofanana na picha nzuri. Ufa mwembamba hufanana sana na chenga, na programu hodari katika kuondoa chenga inaweza kuuondoa pia. Kipimo cha haki ni kasoro ngapi zilipita bila kuonekana.

Kwa fundi wa Rubona, basi, ningependekeza kishikio cha simu na taa ndogo iliyoinamishwa: apige picha taa ikiwa upande wa kushoto, kisha wa kulia, alinganishe mng'ao ulivyohama. Kung'arisha kufuate, kwenye nakala. Picha asilia ibaki, kwa kuwa ndiyo itakayoamua ubishi taa ikirudi imezimika.